Breki Haikufa, Ilinyamaza Tu: Tulivyotafuta Hitilafu ya Gari la Baba



Mara iliyopita tulizungumza habari za wazazi wetu na kazi ya udereva, na mimi nikadokeza kidogo kisa cha gari la Baba. Nikasema "nitaeleza siku nyingine", nikapita. Basi simu yangu haikupumzika! Wengine mmeuliza iliishaje. Wengine mmeandika moja kwa moja: gari la mzee wetu nalo lina taa hiyo hiyo, tufanyeje? Haya, hiyo siku nyingine ndiyo leo. Jimiminieni chai, maana ni ndefu kidogo.

Kwa wageni: mimi ni fundi wa magari ya umeme hapa London. Nimezaliwa huku, wazazi wangu ni watu wa Mombasa. Kiswahili changu ni cha jikoni kwa Mama na cha ndani ya gari na Baba, kwa hivyo mkiona nimechanganya, mtanisamehe. Maneno mengi ya ufundi sikuwa nayo mpaka niliposhikwa mahali nikalazimika kuyatafuta. Hapo nitafika mwishoni.

Asubuhi ya mvua

Baba anaendesha teksi za kuitwa kwa simu. Zamani, kabla sijazaliwa, alikuwa fundi huko Majengo, Mombasa, kwenye gereji ya ami yake. Injini ya dizeli anaijua kwa sikio. Akisimama kando ya barabara lori likapita, atakwambia nozeli ipi ina shida.

Gari la umeme hakulinunua kwa mapenzi, alilinunua kwa sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2023, gari linalopewa leseni ya teksi ya aina hii London kwa mara ya kwanza lazima liwe na uwezo wa kwenda bila kutoa moshi. Lake la zamani lilipochoka, akakopa, akanunua la umeme lililotumika. Miezi miwili haikwisha akalipenda. "Halina kelele," akatuambia, "na breki hata sikanyagi."

Hilo la kutokanyaga breki ndilo lenye kisa. Ukiendesha gari la umeme unazoea haraka: ukiinua mguu kwenye mafuta (nyumbani bado twasema mafuta, ijapokuwa mafuta hakuna), gari linapunguza mwendo lenyewe. Sasa asubuhi moja ya Novemba, mvua nyepesi, Baba yuko kwenye barabara ya A13 na abiria nyuma. Mbele kuna basi limesimama kwenye taa. Akainua mguu kama siku zote. Gari halikupungua. Likaenda tu mbele kama limetolewa gia. Taa mbili za manjano zikawaka, pamoja na maandishi ya kumtaka aende gereji. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, gari likasimama, na baina yake na basi ikabaki nafasi ya mtu kupita kwa ubavu. Abiria akafungua mlango akashuka palepale, bila neno.

Baba hakutuambia. Alipeleka gari gereji moja, wakachomeka kifaa, na dakika kumi baadaye wakamwambia: kompyuta ya breki imekufa, mpya pamoja na kuiwekea programu ni zaidi ya pauni 2,000. Mama ndiye aliyenipigia usiku. "Babako anataka kutoa zile pesa za safari."

Pesa za safari nilizijua. Zilikuwa za kwenda Mombasa kumwona Nyanya, mamake Baba. Miaka minne hawajaonana uso kwa uso. Macho ya Nyanya yameanza kuingia kiza, na kila simu swali ni moja: "Mwanangu, waja lini?"

Nikamwambia Mama, "Mwambie asilipe kitu. Jumamosi nakuja."

Breki hizi ni kitu gani hasa

Kwenye gari la kawaida ukikanyaga breki, pedi zinabana diski, mwendo unageuka joto, na joto linapotea hewani. Gari la umeme lina njia ya pili. Mota inayosukuma magurudumu inaweza kufanya kazi kinyume: magurudumu yanaizungusha mota, mota inazalisha umeme, na kule kuzalisha ndiko kunakolizuia gari. Umeme huo unapita kwenye inveta, unageuzwa uwe wa aina inayokubalika na betri, kisha unarudi kwenye betri kubwa. Mimi naziita breki za kurudisha umeme. Gerejini tunasema rijeni, basi.

Faida yake ni pesa. Gari la kilo 1,600 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa limebeba nishati ya karibu wati-saa 43. Kwenye kilomita 100 kwa saa nishati hiyo ni mara nne, karibu wati-saa 171. Hairudi yote, lakini kwa dereva anayesimama na kuondoka mjini kutwa nzima, kinachorudi anakiona. Na pedi zinadumu.

Kuna wakati rijeni inapungua na hakuna ubaya wowote. Betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuweka umeme mwingine. Betri ikiwa baridi sana haitaki kupokea kwa kasi. Gurudumu likianza kuteleza kwenye barafu, mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga unaisimamisha rijeni kwa muda. Hizo si hitilafu. Dereva mgeni akitoka nyumbani asubuhi ya Januari, betri asilimia 100, anaweza kudhani gari limeharibika, kumbe lina akili zake timamu.

Watatu wanaozungumza

Kinachofanya jambo hili liwe gumu ni kwamba rijeni si kazi ya kifaa kimoja. Kuna kompyuta angalau tatu zinazoshauriana. Ya breki inasema: dereva anataka tupunguze mwendo kiasi hiki. Ya betri inasema: mimi sasa naweza kupokea umeme kiasi hiki, usizidi. Ya mota inasema: mimi nitazuia kiasi hiki. Kinachobaki, breki inakimalizia kwa pedi na diski. Wewe uliye kwenye usukani huhisi kitu, mguu unaona breki moja tu.

Mazungumzo hayo hayakatiki. Jumbe za kazi kama hii kwa kawaida zinatumwa mara 50 au 100 kwa kila sekunde. Na kila ujumbe unabeba namba ya zamu na namba ya uhakiki, ili anayepokea ajue kwamba huu ni mpya na haukuharibika njiani. Ikipita muda mfupi bila ujumbe, au ukija na namba isiyolingana, kompyuta hazibahatishi. Rijeni inashushwa mpaka sifuri, kazi yote inaachiwa pedi. Ndiyo maana gari la Baba lilisimama alipokanyaga. Breki za mafuta zilikuwa nzima. Kilichopotea ni ule upunguzaji aliozoea mguu wake, na umepotea bila kupiga hodi.

Njia wanayozungumzia inaitwa CAN. Iliundwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutangazwa mwaka 1986, na mpaka leo imo kwenye magari mengi sana, ya petroli na ya umeme. Ni nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja kama kamba. Zikiwa kimya, zote zina volti 2.5 hivi. Mtu akitaka kusema, waya mmoja unapanda mpaka 3.5 na mwingine unashuka mpaka 1.5. Anayesikiliza haangalii waya mmoja, anaangalia tofauti ya hizo mbili. Kelele za umeme kutoka nje zikiingia zinagusa nyaya zote mbili sawasawa, kwa hivyo tofauti inabaki ile ile. Wazo rahisi sana, na limedumu.

Anza na dereva

Jumamosi ile bosi wangu aliniruhusu kutumia gereji baada ya kufunga. Baba akaja na gari, na karatasi ya gereji ya kwanza ameikunja mfukoni. Mimi nikataka kuchomeka kifaa mara moja. Baba akaniangalia.

"Mamangu, hujaniuliza kitu."

"Labeka, Baba?"

"Mgonjwa huulizwa kwanza. Hebu niulize."

Nikaona haya, maana ni kweli, na mimi mwenyewe huwaambia wanafunzi hivyo hivyo. Nikachukua daftari. Inatokea lini? Asubuhi, barabara ikiwa imelowa, au baada ya kuosha gari. Jua likiwaka siku nzima haitokei. Betri ina ngapi? Yeye huchaji mpaka asilimia 80 tu, kwa hivyo sababu ya kujaa ikatoka. Inatokea ukienda moja kwa moja? Mara nyingi ni akishakanyaga breki mara mbili tatu, au akipita kwenye tuta. Ikishatokea? Akizima gari na kuliwasha tena, taa zinapotea.

Maji, mtikisiko, na breki ikifanya kazi. Hapo tulikuwa bado hatujafungua hata boneti.

Misimbo ni mashahidi

Hatua ya pili ni betri ndogo. Wengi hawajui kwamba gari la umeme, pamoja na betri yake kubwa, lina betri ya kawaida ya volti 12, na hiyo ndiyo inayolisha kompyuta. Ikichoka, kompyuta zinaanza kuzimika ovyo na kulaumiana, utapata misimbo ishirini ambayo yote ni ya uongo. Nimeona watu wakilipa mamia ya pauni kwa ajili ya betri ya kubeba kwa mikono miwili. Ya Baba ilisoma 12.5 gari likiwa limelala, na 14.1 gari likiwa tayari kuondoka. Nzima.

Ndipo nikachomeka kifaa, nikasoma kompyuta zote, moja baada ya nyingine, na kuhifadhi kila kitu kabla ya kufuta. Misimbo ya magari ina herufi mwanzoni: P ni ya nguvu ya kusukuma gari, C ni ya breki na usukani, B ni ya bodi, na U ni ya mawasiliano. Kompyuta ya mota ilikuwa na U0129, ambayo maana yake ni: nimepoteza mawasiliano na kompyuta ya breki. Ya betri kubwa nayo imeandika hivyo hivyo, na nyingine mbili zikaunga mkono.

Gereji ya kwanza ilisoma hapo ikafunga daftari. Wanne wanasema breki hasikiki, basi breki amekufa. Lakini msimbo ni shahidi, si hakimu. Majirani wanne wakisema hawajamwona fulani tangu jana, hawajasema kwamba fulani amefariki. Huenda mlango umekwama. Huenda hana umeme. Nenda kabishe.

Na msimbo wa tano ndio ulionifungua macho. Ulikuwa wa kompyuta ya breki yenyewe, na kwenye ile karatasi haukutajwa: umeme ninaopata uko chini. Kompyuta nyingi pia huandika hali ilivyokuwa wakati wa hitilafu. Mota iliandika volti 14. Betri kubwa iliandika volti 14. Kwa hivyo nyumba nzima ina umeme, chumba kimoja ndicho kina giza. Mlalamikiwa mwenyewe alikuwa amesema tatizo lake, hakusikilizwa tu.

Kazi ya mita

Kabla ya kukimbilia huko nilipima njia ya mazungumzo. Unatenganisha betri ndogo, unasubiri kompyuta zilale, kisha unapima ukinzani baina ya nyaya mbili za CAN. Kwenye magari mengi utazipata kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, pini namba 6 na namba 14, ingawa baadhi ya magari mapya yana kompyuta ya mlinzi katikati na inabidi upime kwingine. Kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120. Viwili vikiwa sambamba unasoma omu 60. Ukisoma 120, mwisho mmoja umekatika. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

Nikasoma 60. Safi. Lakini hapa vijana wengi huteleza, nami niliteleza mwaka wangu wa kwanza. Kipimo cha 60 kinakuhakikishia barabara kuu tu. Kompyuta ikiwa kwenye kichochoro cha pembeni, kichochoro kinaweza kukatika na 60 ikabaki 60. Na hata nyaya zikiwa nzima zote, hakimwambii mtu chochote kuhusu umeme wa hiyo kompyuta.

Nikarudisha betri, nikaliwasha gari, nikapima upotevu wa volti. Hiki ni kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Hupimi waya ukiwa umelala, unaupima ukiwa na mzigo, kama vile kamba ya ndoo huijui mpaka ndoo ijae maji. Upande wa umeme unaoingia: kutoka betri hadi kwenye soketi ya breki inapotea volti 0.1. Hakuna neno. Sasa upande wa athi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari na kwenye hasi ya betri. Gari limetulia, mita inasoma 0.05. Safi pia!

"Baba, ingia ndani ukanyage breki. Kanyaga uachie, kanyaga uachie."

Akakanyaga. Mota ndogo inayosaidia breki ikaanza kuvuta mkondo mkubwa. Mita ikapanda: 0.8, 1.7. Nikachukua chupa ya kunyunyizia, nikamwaga maji kuelekea nyuma ya gurudumu la mbele kushoto, nikatikisa fungu la nyaya. 3. 4. Ikafika 5.3, na Baba akapiga kelele kutoka ndani: "Ziliwaka! Taa zote mbili!"

Fanyeni hesabu pamoja nami. Betri inatoa 14.1, athi inapoteza 5.3, kompyuta ya breki inabakiwa na 8.8. Hapo haiwezi kufanya kazi yake kwa uhakika, inajitoa. Tena, athi yake ikipanda, hata sauti yake kwenye CAN inapanda nayo. Kwenye osiloskopu niliona jumbe zake zimesimama juu kuliko za wenzake, kama mtu anayeongea amepanda kiti. Zikapanda, zikapanda, kisha kimya. Wenzake wakasubiri, wakaandika U0129, rijeni ikashuka sifuri.

Chini ya rangi

Nilikuwa na mchoro wa gari unaoonyesha bolti ya athi ilipo: ndani ya madgadi, nyuma ya plastiki. Nikatoa gurudumu, nikatoa plastiki, nikamulika tochi. Bolti ipo. Imekaza. Haina kutu ya kutisha. Nikazungusha waya, nikaona sawa tu. Nikakaa chini. Saa nne usiku ilikuwa inakaribia, na mimi nimeanza kufikiria kwamba waya umekatika ndani kwa ndani, mahali nisipopaona.

Baba akachuchumaa kando yangu, miwani puani.

"Upande huu limegongwa," akasema.

"Umejuaje?"

"Siku ya kununua nililiona juani. Rangi ya kushoto haikulingana na ya kulia. Hata muuzaji nilimshusha bei kwa hilo." Akapitisha kucha ukingoni mwa chuma. "Na aliyelipaka alikuwa mvivu. Kafunga kwanza, kapaka baadaye? La. Kapaka kwanza, kafunga juu ya rangi. Fungua hiyo bolti."

Nikaifungua. Chini ya kile kichwa cha duara cha waya kulikuwa na rangi tupu, nzuri, inang'aa. Rangi haipitishi umeme. Waya wote wa athi wa breki ulikuwa unategemea nyuzi za bolti peke yake kugusana na bodi, na nyuzi hizo zilikuwa zimeshika kutu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Kompyuta ikikaa kimya, mkondo mdogo unapita. Breki ikifanya kazi, maji yakiingia, gari likitikisika, haupiti.

Miaka sita nimesoma na kufanya kazi hii. Mchoro ulinifikisha kwenye bolti. Kuona kwamba gari limegongwa na kupakwa rangi, hilo halimo kwenye mchoro wowote.

Tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa. Nikaweka kichwa kipya cha waya, bolti mpya, nikakaza kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha tukapaka nta ya kuzuia kutu juu yake, si chini yake. Vifaa havikufika pauni 10.

Usisherehekee mapema

Hitilafu ya kuja na kuondoka ina tabia ya kukutania. Ukigusa kitu, inatulia kwa siku mbili, unajiona bingwa, ya tatu inarudi. Kwa hivyo nilirudia kipimo kile kile kilichotuonyesha ubaya: Baba anakanyaga, mimi namwaga maji na kutikisa. Mita: 0.04, 0.06, 0.05. Kisha tukatoka barabarani dakika arobaini, kifaa kimechomekwa, mimi natazama mistari miwili kwenye skrini: rijeni inayoombwa, na rijeni inayotolewa. Mistari ikafuatana kama watu na kivuli chao. Tukapita mahali pale pale pa A13. Baba akainua mguu, gari likapungua. Hakusema kitu. Akawasha redio.

Wiki tatu nzima nilimpigia kila jioni kumuuliza. Haikurudi.

Kama gari la mzee wako lina taa hii

Wengi wenu si mafundi, na sikusudii mfungue magari uani. Breki si kitu cha kujifunzia. Na nyaya za rangi ya machungwa msiziguse kabisa: magari mengi ya umeme yana volti 400 humo, hazikuachi na hadithi ya kusimulia. Lakini mnaweza kwenda gereji na wazee wenu, na kuuliza maswali:

Andikeni inatokea lini: mvua au jua, mwendo gani, betri asilimia ngapi, baada ya kufanya nini. Pigeni picha dashibodi kabla ya kuzima gari.

Taa ya manjano ikiwaka na gari halipungui kama kawaida, acheni nafasi kubwa mbele, msibebe abiria, nendeni mkaangaliwe. Ikiwa nyekundu, simameni mahali salama na mwite msaada.

Ombeni betri ndogo ya volti 12 ipimwe kabla ya yote.

Ombeni orodha ya misimbo ya kompyuta zote, si ya moja, tena kabla haijafutwa.

Mkiambiwa kompyuta fulani imekufa, ulizeni kwa upole: mmepima umeme wake na athi yake, ikiwa na mzigo? Jibu likiwa hapana, bado hawajamaliza kutafuta.

Simu kutoka Mombasa

Baba alisafiri Februari, wiki tatu. Nyanya alimshika uso kwa mikono miwili, Mama ana video, siwezi kuiangalia mara mbili.

Wiki ya pili, usiku, simu ikalia. Ni ndugu yangu, mtoto wa ami, ambaye ndiye mwenye gereji sasa. Kenya inaruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na mengi yanapitia bandari ya Mombasa, na siku hizi yamo ya petroli na umeme kwa pamoja. Hayo nayo yana rijeni. Lipo moja mbele yake lina taa ya breki.

"Dada, hebu nisaidie. Ami hapa ananieleza mambo ya athi na kupotea volti, nusu namwelewa, nusu simwelewi."

Nikasikia Baba kwa nyuma: "Mwambie ameze maji kwanza, aeleze polepole, kwa Kiswahili."

Na hapo ndipo niliposhikwa. Kazi hii yote nimesomeshwa kwa Kiingereza. Nikawa natafuta neno, Baba ananipa moja, ndugu yangu analibadilisha kwa linalotumika gerejini kwake, tunakubaliana, tunaendelea. Upotevu wa volti tuliupata hivyo. Kichwa cha waya, hivyo hivyo. Saa nzima. Maneno mengi mliyoyasoma hapa yametoka kwenye simu ile, na aliniomba niyaandike mahali ili asiyasahau. Ndiyo haya.

Mwishoni akapima athi, mita yake ikasoma 0.03. Hakuna tatizo. Akapima tena, 0.03. Kimya kikapita.

"Ndugu yangu," nikamuuliza, "ile betri ndogo uliipima?"

"Betri ipi?"

Ilikuwa na volti 11.2.